Mara Kumi na Nne Katika Darasa la Sita

Kuna watu wanarudia darasa mara mbili na wanaona haya mpaka wanahama mji. Mimi darasa la sita la sekondari nimelikaa mara kumi na nne, mfululizo, na haya sikuona hata siku moja. Sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa sentineli wa shule: mlinzi, mpiga kengele, mfagia uwanja, mpaka rangi wa mbao za kuandikia. Shule ya msingi niliiacha mwaka wa tano, baba alipotaka mtu wa kufukuza nyani katika karanga. Lakini dini, filozofia na morale, yale masomo matatu wanayosoma wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kabla ya mtihani wa Serikali, hayo nimeyasikia yote, kutoka Septemba mpaka Juni, mwaka juu ya mwaka. Kuna wenye diploma ukutani ambao ninaweza kuwasahihisha.

Sasa nimepumzika. Mguu umekataa kazi, na shule imepata mtu mwenye miguu miwili mizima, ni Amisi. Walimu vijana waliniambia, "Papa Asukulu, andika kidogo juu ya kazi yako, na sisi tusome." Nikawaambia nitaandika, lakini nitaandika na majina ya watu. Wakacheka. Mi sikucheka. Basi nimeandika. Mambo ya mshahara siyaweki, nanyi mnayajua kwa matumbo yenu. Nitaweka kazi yenyewe, na nitaweka habari ya msichana mmoja ambaye mdomo wangu ulibakiza kidogo tu umpotezee mtihani.

Ninatoka Lubondja, kijiji cha huko juu. Nililima muhogo na karanga, nilikuwa na mbuzi tisa na nyumba ya mabati. Siku watu wenye bunduki walipoingia, sisi wa upande wa mto tulikuwa tumekwisha kujificha katika muhogo wa mdogo wangu Mlebinge. Shamba lile halionekani toka njiani. Mtu asiyelijua hafiki. Walifika moja kwa moja. Aliyekuwa mbele akiwaonyesha njia alikuwa jirani yangu, Ebengo, mwana wa Sumaili. Nilimwona kwa macho yangu, hatua kama makumi mbili. Mlebinge alikufa palepale. Mke wangu Mauwa alikufa siku ya tatu, tukiteremka kuja hapa Baraka, kwa damu iliyokataa kusimama. Mimi risasi ilikaa katika paja. Mabati yangu yalionekana baadaye juu ya nyumba ya Ebengo. Nilikwenda kwa karani mmoja, Malongo, aandike malalamiko yangu. Akaniambia, "Papa, leta mashahidi." Mashahidi wangu walikuwa wawili. Nimekwisha kuwaandika hapo juu.

Ebengo na Malongo. Hayo ndiyo majina. Sasa tuendelee na kazi.

Siku ya kwanza prefe wa wakati ule, mkubwa wa shule, aliniuliza swali moja tu: "Unaweza kuamka mapema?" Nikamjibu, "Prefe, mi silali." Akasema, "Muzuri, uanze leo." Alinionyesha kengele. Ilikuwa janti, chuma cha gurudumu la gari kubwa, imefungwa kwa waya kwenye nguzo ya chuma, na buloni ndefu, bolti, ya kupigia. Amisi, sikia: usipige katikati. Katikati janti inalia kama sufuria, na watoto wa darasa la mwisho watasema hawakusikia. Piga pembeni, mapigo matatu ya polepole, halafu moja la nguvu. Lile la nguvu ni la walimu.

Mbao za kuandikia tulizipaka kila likizo kubwa. Rangi ya dukani sikuiona mimi. Unakusanya yale mawe ya radio yaliyokufa, betri, unayapasua, unatoa kaa la ndani, unalitwanga mpaka linakuwa unga. Unaponda majani ya viazi vitamu, unakamua maji yake, unachanganya. Unapaka mara mbili, unaacha siku mbili. Ukipaka mara moja, chaki inateleza, na mwalimu wa hesabu atakutukana kwa Kifaransa. Na unawe mikono kabla ya kula. Hiyo nilijifunza kwa tumbo.

Benchi langu liliwekwa chini ya dirisha la darasa la sita. Haikuwa kwa sababu ya akili. Upande ule ndio ulikuwa na kivuli kuanzia saa nne. Siku hizi wanasema "ya ine ya humanités," yaani ya nne, sijui nani amebadilisha. Sisi wote wa Baraka bado tunasema ya sita. Aliyefundisha mle dini, filozofia na morale alikuwa mtu mmoja, Mwalimu Lwaboshi, mfupi, koti moja mvua na jua, mtoto wa katekista. Vitabu havikuwako. Kitabu kilikuwa kichwa chake. Alisoma kutoka kichwani polepole, nao wakaandika, na mimi nje nikaendelea kukata majani na panga, nikisikia bila kutaka kusikia.

Wiki ya pili aliandika ubaoni swali na akalisoma kwa sauti: "Tunajuaje kwamba tunajua?"

Hakuna aliyeinua mkono. Nikasema peke yangu, kama mtu anayesema na panga lake, "Ukiwa umeona."

"Nani amejibu?"

"Ni sentineli, Mwalimu!" Wakacheka mpaka meza zikalia.

Lwaboshi akaja dirishani, akaegemeza viwiko. "Papa, na kama uliona vibaya?"

"Mwalimu, mi niliona hatua makumi mbili. Mchana."

Hakuniuliza niliona nini. Alinitazama kidogo, akasema, "Ingia. Ukae nyuma, usizuie mtu ubao. Lakini kengele ikichelewa, tunafukuzwa wote wawili."

Hivyo ndivyo nilivyoanza darasa la sita. Wanafunzi wakaniita Dokta. Kila mwaka walikuja wapya, na kila mwaka jina lilikuwa linaningoja mlangoni kabla sijafika. "Dokta, kengele!" Nami ninaruka na mguu wangu mmoja na nusu.

Kijana atakayefundisha masomo haya baada ya Lwaboshi ajue kwamba dini ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kila mtu anaingia akiwa amekwisha kupata diploma yake nyumbani. Katika darasa moja kuna Wakatoliki, Waprotestanti wa makanisa matano yasiyopendana, na Waislamu. Lwaboshi hakuwaambia nani ana haki. Aliwaambia: "Unasema unaloamini, halafu unasema sababu, halafu unamsikiliza yule usiyempenda." Ya tatu ndiyo ilichukua mwaka mzima.

Mwaka ninaotaka kuusema, mwaka wangu wa mwisho, walikuwamo Swedi, Mwislamu wa hapa Baraka, mdomo usiofungwa, na Gasore, mtoto wa wafuga ng'ombe wa Bibokoboko, Mprotestanti kama babu zake wote. Kwa Gasore kulichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, familia ikashuka huku na vyungu viwili. Wale wawili walikaa meza moja na kuchokozana kutoka asubuhi. Siku Mwalimu alipouliza kama Mungu anaweza kila kitu, Swedi alisimama: "Anaweza, Mwalimu. Lakini barabara ya Fizi imemushinda."

"Barabara ya Fizi Mungu aliwapa watu," Lwaboshi akasema. "Ni watu imewashinda. Andika hiyo."

Filozofia ilinipendeza kwa sababu ya insha. Wanaiita dissertation, na mtihani wa Serikali unaanza nayo, wiki nyingi kabla ya mitihani mingine. Inataka upande wa ndiyo, upande wa hapana, na mwisho mahali pa kusikilizana. Mwenye kujua hapana tupu anaanguka. Mwenye kujua ndiyo tupu anaanguka pia. Mimi katika maisha nilikuwa na hapana peke yake, kwa hiyo nilisikiliza sana.

Na morale. Kila mwaka Lwaboshi alileta swali moja: wenye bunduki wanakuuliza jirani yako amejificha wapi; utasema kweli ama utadanganya? Kila mwaka darasa zima lilipiga kelele: "Tutadanganya!" Naye kila mwaka aliwarudisha nyuma: "Haraka hivyo? Kwanza mniambie uongo ni nini, na ule wenu ni wa namna gani." Ilikwenda saa mbili. Na kila mwaka mimi nyuma niliinua mkono.

"Mwalimu, na kama hawakukuuliza, na wewe ukawaonyesha?"

Alinizoea. Alisema, "Hiyo, Papa, haina ndiyo na hapana. Hiyo iko na jina la mtu." Akaendelea.

Kutoka hapo tuliingia katika lubunga. Kwetu Wabembe lubunga ni mahali wanaume wanapokaa kukata maneno. Yeye aliileta darasani, wasichana ndani, watu wa kila kabila ndani. Ijumaa za muhula wa pili meza zilisukumwa ukutani, tulikaa mviringo, na kila mmoja alileta neno la kweli, lililompata, tulipime. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza: hautaji kabila. Unataja mtu na jina la baba yake. "Kabila haina miguu," alisema, "haiwezi kuja mpaka nyumbani kwako. Aliyekuja alikuwa mtu." Ya pili: kama unajua kwamba damu ya yule mtu inakaa hapa katika mviringo, unamwendea kwanza. Unamwambia: Ijumaa nitamtaja mtu wako. Ili aje amejiandaa, ama asije.

Hizi sheria nilizisikia miaka kumi na mitatu kabla ya mwaka ule. Mimi mwenyewe sikusema neno katika lubunga miaka yote hiyo. Nilikaa nikasikiliza ya wengine.

Septemba ya mwaka wa mwisho nilibeba orodha ya darasa la sita kutoka bilo, ofisi ya shule, kama kawaida. Ninasoma polepole, lakini ninasoma. Namba kumi na saba: Riziki Ebengo. Nikasema moyoni Waebengo wako wengi. Halafu akaingia, mgeni aliyetoka shule nyingine, na paji la uso lilikuwa la baba yake, na kutembea kwa bega moja mbele kulikuwa kwa baba yake.

Alikuwa mwanafunzi wa kwanza. Nisiseme uongo juu ya hiyo. Katika insha hakuna aliyemfikia. Kila asubuhi alinisalimu, "Jambo, Papa Dokta," na mimi niliitika, maana yeye hakujua mimi ni nani. Mara mbili alinisaidia kusoma tangazo la Kifaransa. Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya vyoo, nikakaa na hasira kama mtu anayekaa na jipu. Miezi saba nilikaa hivyo. Nilijua sheria ya pili. Kumwendea kulikuwa dakika tano tu, toka kwenye kengele mpaka mlangoni. Sikwenda.

Ijumaa ile, zilibaki wiki tatu kwa insha. Gasore ndiye aliyeanza. Akasema juu ya siku walipochomewa. Akasema, "Wakaja wale ba..." Lwaboshi akainua kidole.

"Kabila haina miguu, Gasore."

"Mwalimu, walikuwa wengi. Mi sikujua jina hata moja."

"Basi sema hivyo. Sikujua jina."

"Sikujua jina," Gasore akasema. Akakaa. Swedi, ambaye hajawahi kunyamaza, alimwekea mkono mgongoni.

Ndipo nikasimama. Nikasema, "Mi ninajua." Nikasema yote: shamba la muhogo, Mlebinge, Mauwa, paja, mabati. Nikasema hatua makumi mbili. Nikasema, "Aliyewaonyesha ni Ebengo, mwana wa Sumaili." Nilisema jina nikiwa ninamtazama binti yake. Hiyo ninaiandika kwa sababu ni sehemu ya jina langu mimi.

Hakuna aliyegeuka, halafu wote wakageuka. Riziki alikusanya daftari zake moja moja, akazifunga na mpira wake, akasimama. Mlangoni akasema, "Mwalimu, ninaomba ruhusa." Hata siku ile aliomba ruhusa. Akaenda.

Jumatatu hakuja. Mtu alichora ubaoni nyumba ndogo, juu yake akaandika MABATI YA KINA RIZIKI. Niliifuta kabla ya saa ya kwanza. Jumanne iko tena. Nikaifuta. Nilipofuta ile ya Jumanne, Lwaboshi alikuwa mlangoni na koti lake.

"Asukulu," akasema. Si Papa, si Dokta. "Umesoma kwangu mara ngapi?"

"Hii ya kumi na nne."

"Sheria ya pili ya lubunga inasema nini?"

Nikaisema, yote, bila kuruka neno.

"Kumbe haukusahau."

"Sikusahau."

"Hiyo ndiyo mbaya."

"Mwalimu, yule mtu aliua watu."

"Ya kwake nimeyasikia Ijumaa. Sasa ninauliza juu yako." Akaingia, akaweka chaki mezani. "Umetumia lubunga yangu kama panga. Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya kutia saini kwa ajili ya mtihani. Asipotia, mwaka umekwenda, na kwa msichana mwaka mmoja ukienda, mara nyingi yote inakwenda. Mi nilikwenda kwao jana. Alinifungia mlango. Amesema hatasoma mahali baba yake ni wimbo."

"Unataka niende nimwombe msamaha?"

"Sikukufundisha kuuliza nini unataka nifanye. Nilikufundisha kujua umefanya nini."

Nilikasirika naye siku tatu. Nilipiga kengele katikati ya janti, makusudi. Nilijiambia: nani alikuja kunifungulia mlango mimi? Nani alihesabu mwaka wangu? Hizo zilikuwa sababu nzuri, na zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa juu ya Riziki. Hilo nilitambua Ijumaa, nikifagia uwanja. Nikaacha ufagio katikati ya uwanja, kosa ambalo Amisi usilifanye, nikateremka sokoni, upande wa ziwa, ambako Riziki aliuza ndagala, dagaa kavu, pamoja na mama yake. Mama yake alikuwa amekwenda kuchukua mzigo. Alikuwa peke yake na inzi.

"Jambo, Riziki."

Aliendelea kuchagua ndagala, kubwa huku, zilizovunjika huku. "Papa Dokta. Umekuja kumutaja na hapa? Kuko watu wengi, watasikia muzuri."

"Nimekuja kufanya ya pili. Niliiruka."

"Imechelewa."

"Ndiyo. Imechelewa."

Mama mmoja wa meza ya jirani alisogeza kiti chake karibu, apate kusikia. Riziki akamwambia, "Mama Zaina, bei haijabadilika, rudi kwako." Halafu kwangu, sauti ya chini: "Ile uliyosema iko kweli?"

"Iko kweli."

"Uliona we mwenyewe?"

"Hatua makumi mbili."

"Na kama uliona vibaya?"

"Nimejiuliza hiyo tangu siku ile. Kila mwaka. Sikuona vibaya."

Akafunika ndagala kwa kitambaa, akakifunua tena. "Nilimuuliza. Nilisema, papa, kuna mutu wa Lubondja anasema hivi na hivi. Hakusema hapana. Alitoka akakaa nyuma ya nyumba mpaka ugali ukapoa." Kisha akanitazama usoni, mara ya kwanza. "Sasa unataka mi niseme nini? Niseme papa yangu ni mubaya mbele ya Swedi na wengine, ndio nipate kusoma?"

"Sitaki useme kitu. Ya baba yako ni ya mimi na yeye. Wewe uko na insha."

"Watanicheka."

"Watakucheka. Mi wamenicheka miaka kumi na minne, na bado ninajua kupanga ndiyo na hapana."

"Unajua kupanga hapana tu," akasema. "Ndiyo yako haina mistari miwili. Nilikuona unaandika."

Alikuwa na haki.

"Utafuta jina lake?"

"Hapana."

"Hata nikikuomba?"

"Hata ukiniomba. Lakini Jumatatu nitasimama mbele ya wote niseme nilivyokosa. Ukiwako, ukiwa hauko."

Mteja alikuja, Riziki akampimia, akamfungia, mteja akaenda. "Bon," akasema. "Angalau haudanganyi. Ondoka, mama anarudi. Yeye hatakusikiliza kama mi."

Jumamosi alikuja katika bilo, akatia saini, akaondoka bila kunipitia. Jumatatu nilisimama. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema: "Jina nililolitaja ni la kweli na silirudishi. Lakini nilimtaja mtu mbele ya damu yake bila kumwendea kwanza, nikijua. Nilikosa hapo. Anayetaka kuchora nyumba ubaoni, aandike juu yake jina langu." Swedi alisema, "Dokta, nyumba yako itakosa mabati," na darasa likacheka, na mimi nikaona Riziki amefunika mdomo kwa daftari. Sijui alikuwa anacheka ama anafanya nini. Alibaki mpaka saa ya mwisho.

Siku ya insha shule yetu ilikuwa kituo. Walikuja wanafunzi wa shule nyingine nne, na mkaguzi toka mbali, mtu mwenye masharti mengi. Sharti lake kwangu: asiyekuwa katika orodha hapiti langoni, na hakuna kitu kinachopita kwenye lango, si karatasi, si chakula, hata kikombe. Nilisimama langoni tangu saa kumi na mbili na nusu, nikiita namba.

Riziki alifika kwa piki. Aliyeiendesha alikuwa baba yake.

Sikuwa nimemwona tangu Lubondja. Alizeeka vibaya, meno ya mbele hayako. Kumbe na wao baadaye walikimbia, wakafika Baraka bila bati hata moja. Hiyo niliambiwa na wengine, na haikunifurahisha kama nilivyodhani ingenifurahisha. Alizima piki. Alinitambua pale pale. Riziki alisimama katikati yetu na karatasi yake mkononi. Wanafunzi kama arobaini walikuwa nyuma yake. Neno langu moja tu pale, na angeingia kwenye insha akiwa amevunjika, ama asiingie.

"Jambo, Asukulu," Ebengo akasema.

Mtu akikusalimu kwetu unaitika, hata kama ni adui. Sikuitika. Niliita, "Kumi na saba, Riziki Ebengo," kwa sauti ile ile ya namba kumi na sita, nikafungua, akapita, nikafunga.

Baba yake hakuondoka. Wazazi wengine waliondoka, wakaenda kazi zao. Yeye alisimama upande wa pili wa lango, kando ya piki yake, mahali jua linapiga kutoka asubuhi, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa. Saa tatu alikuwako. Saa nne alikuwako. Mimi nilikuwa na kivuli na ndoo yangu ya maji yenye kifuniko. Nilimgeuzia mgongo. Filozofia yote niliyosikia ilikuwa nyuma ya ukuta ule, watoto wanaiandika, na haikunitumia mtu hata mmoja wa kunisaidia.

Saa tano na nusu alisogea mpaka kwenye vyuma. "Asukulu. Maji kidogo."

Hakusema ndugu, hakusema tafadhali. Nilishukuru kwamba hakusema.

Nilikumbuka sharti la mkaguzi, hata kikombe hakipiti. Ningeweza kusimama nyuma ya sharti lile, na hakuna mtu angenilaumu. Nilichota kikombe. Nilifungua lango, nikatoka mimi mwenyewe nje, nikalifunga nyuma yangu, tukawa sisi wawili juani. Nikampa. Alikunywa akiwa amesimama, maji yakapita pale ambapo hakuna meno, yakamwagika kwenye shati. Nilingoja mpaka amalize, kwa sababu kikombe ni cha shule. Alikirudisha kwa mikono miwili.

"Mauwa," akasema. Jina la mke wangu tu. Halafu midomo ikaendelea kutembea bila sauti.

Nikamwambia, "Usiseme kwangu. Kuna mahali pa kusemea, na kuna karani wa kuandika. Siku ukitaka, nitakwenda na wewe." Hiyo tu. Mpaka leo hajaja. Ninaandika hapa ili ijulikane kwamba aliambiwa.

Saa sita waliruhusiwa. Riziki alitoka kati ya wa mwisho, wino kwenye kidole, akatukuta tumesimama nje ya lango, mimi na kikombe, baba yake na shati lililolowa.

Kwanza alimtazama baba yake, kisha mimi. "Mumesalimiana?"

"Hapana," nikasema. "Amekunywa maji."

Akafikiri juu ya hiyo, kama alivyofikiri juu ya kila kitu katika darasa lile. "Bon," akasema. "Wametuuliza juu ya umeme mavijijini. Nimeandika kurasa nne."

"Na upande wa hapana?"

"Ulikuwa mrefu," akasema, akapanda piki nyuma ya baba yake.